Report Packaging Data au wakala? Tathmini ya njia mbili za kutimiza kanuni za taka za vifungashio Uingereza

Tangu tarehe 1 Januari 2025, biashara za Uingereza zinazofungasha bidhaa, au zinazoingiza bidhaa zilizokwisha kufungashwa, ziko chini ya kanuni mpya za taka za vifungashio. Kiini cha kanuni hizo ni hiki: aliyeingiza sokoni chupa, katoni au mfuko ndiye anayelipia uzoaji na urejelezaji wake, badala ya gharama hiyo kuachiwa halmashauri na kodi za wakazi. Wajibu huo unatimizwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kujisajili mwenyewe kwenye tovuti ya serikali iitwayo Report Packaging Data. Ya pili ni kujiunga na wakala wa utekelezaji, yaani kampuni inayotambuliwa na mdhibiti wa mazingira, ambayo inakuandikisha, inawasilisha takwimu zako na kukununulia hati za urejelezaji, yaani vyeti vinavyothibitisha kuwa malighafi imerejelezwa.

Tunatoa hukumu mapema. Tovuti tunaipa alama 4 kati ya 5 kama mahali pa kupokelea takwimu, na 2 kati ya 5 kama mahali pa kujifunza wajibu wako. Wakala anafaa sana kwa mzalishaji mkubwa. Kwa mdogo, ni hesabu ya pauni mia chache tu, na tutaifanya hapa chini. Lakini hakuna hata mmoja kati yao anayekufanyia kazi yenyewe. Kazi yenyewe iko ghalani mwako, kwenye mizani na kwenye ankara za wateja, na ndiko pesa zinakopotelea.

Je, unahusika?

Watu wengi hukosea hapa kabla hata hawajafungua tovuti. Vigezo ni viwili, na lazima vitimie vyote: mauzo ya mwaka yafike pauni milioni 1 kwa mujibu wa hesabu za karibuni za kampuni, na vifungashio ulivyosambaza au kuingiza kwa mwaka wa kalenda vizidi tani 25. Ukitimiza kimoja tu, huhusiki. Mwenye mauzo ya pauni milioni 5 na tani 12 za vifungashio yuko nje. Mwenye tani 90 na mauzo ya pauni laki nane yuko nje pia.

Ukivuka vyote viwili, unawekwa kwenye kundi. Mzalishaji mkubwa ni yule mwenye mauzo ya pauni milioni 2 au zaidi na vifungashio zaidi ya tani 50, tena vyote kwa pamoja. Aliyevuka mstari wa chini bila kufika hapo ni mdogo. Tofauti ni kubwa mno: mdogo hujisajili, huripoti mara moja kwa mwaka na hutunza kumbukumbu. Mkubwa huripoti kila miezi sita, hulipa ada ya kushughulikia taka za majumbani, na hununua hati za urejelezaji. Kwa hiyo mwenye tani 70 na mauzo ya pauni milioni 1.9 ni mdogo, na afadhali ajue hivyo mapema kabla hajakubali ofa ya huduma iliyotengenezwa kwa wakubwa.

Tani 25 zinasikika nyingi, lakini inategemea unauza nini. Mfuko wa karatasi wa unga wa kilo 2 wenye uzito wa gramu 20 unahitaji mifuko 1,250,000 kufika hapo. Kichupa cha kioo cha gramu 210 kinahitaji vichupa 119,000 hivi. Anayeuza kwenye kioo hufika upesi, na mara nyingi hashtuki mpaka mwaka umeisha.

Kisha kuna swali la nani hasa anabeba mzigo kwa kifungashio kipi. Mwenye chapa aliye Uingereza hubeba vifungashio vyenye jina lake. Anayefungasha bidhaa kwenye vifungashio visivyo na chapa hubeba hivyo. Anayeingiza bidhaa kutoka nje ya nchi hubeba vyote vilivyokuja na mzigo. Anayeuza vifungashio vitupu kwa biashara ambazo si wazalishaji wakubwa hubeba alivyouza. Wanaokodisha vifungashio vya kutumika tena na wenye masoko ya mtandaoni nao wamo. Muuza duka anayenunua bidhaa kutoka kwa muuzaji wa jumla wa humo humo nchini na kuziuza kama zilivyo, bila kuongeza kifungashio chake, kwa kawaida hana uzito wa kuripoti kwa bidhaa hizo. Wa kuripoti ametangulia mbele yake kwenye mnyororo.

Mwingizaji aangalie neno "vyote". Si kichupa anachokiuza tu. Ni pamoja na katoni, plastiki ya kuzungushia palleti, palleti yenyewe, kamba za kufungia na makaratasi ya kuzuia mtikisiko, hata kama ulivifungua na kuvitupa siku ileile kontena lilipofika. Hicho ndicho kifungu kinachosahaulika kuliko vyote, kwa sababu vitu hivyo havionekani kwenye rafu na havina ankara yake.

Na kuna mambo madogo yanayoamuliwa kwa orodha. Mfuko mdogo wa majani ya chai hauhesabiwi kuwa kifungashio, kwa kuwa unatumika na kutupwa pamoja na majani yake. Boksi lililobeba mifuko hiyo linahesabiwa. Ngozi ya soseji haimo. Wadhibiti wametoa waraka wa misimamo yao juu ya mambo ya namna hii, na unapatikana bure kwenye GOV.UK, tovuti kuu ya serikali. Tunaupendekeza kuliko semina nyingi za kulipia.

Kichupa kimoja cha achari

Tuchukue mwingizaji wa achari ya embe, mauzo pauni milioni 2.4, vichupa 240,000 kwa mwaka. Kichupa kitupu ni gramu 210, kifuniko cha chuma gramu 9, katoni ya vichupa 12 ni gramu 180. Palleti za mbao za safari moja ni 200, kila moja kilo 20, na kila palleti imezungushiwa plastiki ya gramu 300.

Hesabu inakuja hivi: kioo kilo 50,400, chuma kilo 2,160, karatasi kilo 3,600, mbao kilo 4,000, plastiki kilo 60. Jumla kilo 60,220. Huyu ni mkubwa.

Kifuniko kinatenganishwa na kichupa kwa sababu mtu anaweza kuvitenga kwa mkono. Kanuni ni hiyo: kinachotengeka kwa mkono huripotiwa kwa malighafi yake, na kisichotengeka huingia kwenye malighafi yenye uzito mkubwa zaidi. Lebo ya karatasi iliyogandishwa kwa gundi basi huhesabiwa pamoja na kioo. Isipokuwa kifungashio cha karatasi kilichogandamizwa na plastiki, kama boksi la juisi au kikombe cha karatasi: hicho kina kundi lake maalumu, nalo ndilo lililokuwa la ghali kuliko yote kwenye ada za mwaka wa kwanza.

Namna ya kupima: osha vichupa 20, vikaushe kabisa, vipime kwa pamoja kwenye mizani inayosoma gramu moja, ugawe kwa 20. Fanya hivyo kwa kila ukubwa wa kichupa na kila mtengenezaji. Andika tarehe, aina ya mizani, nani alipima, na picha ya mizani ikisoma. Rudia kila kiwanda kinapobadilisha umbo la chupa, maana hubadilisha bila kukuambia. Usichukue njia ya mkato ya kutoa uzito wa bidhaa kwenye uzito wa jumla ulioandikwa kwenye hati za usafirishaji. Uzito wa bidhaa kwenye lebo ni ule uliotangazwa, si ule uliomo hasa, na tofauti yote hiyo inamwagikia kwenye kifungashio. Kosa la gramu 5 kwa kichupa, kwa vichupa 240,000, ni kilo 1,200. Kwa ada ya kioo ya mwaka wa kwanza, pauni 192 kwa tani, hiyo ni pauni 230.40 unazolipa bure, au unazokosa kulipa na kudaiwa baadaye.

Tovuti yenyewe

Ukishapata namba hizo, tovuti ni kazi ya saa chache. Unapakia faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu ambalo safu zake hutenganishwa kwa mkato, lenye mstari mmoja kwa kila mchanganyiko wa shughuli, aina, daraja na malighafi. Kwa nusu ya kwanza ya mwaka, mistari mitatu ya mwingizaji wetu, ukiacha safu nyinginezo kama namba ya kampuni na kipindi, inabeba haya: IM, HH, P1, GL, 25200. Halafu IM, HH, P1, ST, 1080. Halafu IM, NH, P2, PC, 1800. IM ni mwingizaji. HH ni kifungashio cha kaya, NH si cha kaya. P1 ni kifungashio cha kwanza, kile ambacho bidhaa huuzwa ndani yake, P2 ni cha pili kinachokusanya vya kwanza, P3 ni cha kumtumia mnunuzi mzigo, P4 ni cha usafirishaji kama palleti. GL kioo, ST chuma, PC karatasi. Ukishazoea, faili zima unalisoma kwa mtazamo mmoja. Tunalipenda kwa hilo. Halina maneno mengi, na huwezi kujificha nyuma yake.

Uzito huandikwa kwa kilo kamili, bila desimali na bila mkato wa maelfu. Ukiandika 25,200 kwa mkato, faili la CSV linausoma mkato huo kama mwisho wa safu, na kila kinachofuata kinahama nafasi. Tovuti hukagua faili na kukurudishia makosa yaliyopatikana kwenye mistari. Ukaguzi huo ni mzuri, lakini unakagua umbo tu. Ukiandika kioo mahali pa plastiki, au HH mahali pa NH, tovuti itapokea kwa moyo mkunjufu.

Matatizo matatu hujirudia. La kwanza ni sifuri za mwanzo. Faili la maelezo ya kampuni linataka namba ya usajili wa kampuni, na namba nyingi huanza na 0. Ukilifungua kwa Excel na kulihifadhi, sifuri inaliwa, na namba inakuwa ya tarakimu saba. Geuza safu hiyo kuwa maandishi kabla ya kuandika chochote, na usiifungue tena CSV kwa kubofya mara mbili baada ya kuihifadhi.

La pili ni kuchanganya kupakia na kuwasilisha. Faili linaweza kupakiwa na mfanyakazi yeyote mwenye akaunti, lakini kuliwasilisha kwa mdhibiti ni kazi ya mtu aliyeidhinishwa, kama mkurugenzi au katibu wa kampuni, au yule aliyekabidhiwa mamlaka hayo kupitia akaunti. Mhasibu anapakia tarehe 28 Septemba, anaona alama ya kijani, anaondoka akiamini amemaliza. Mkurugenzi yuko safarini. Tarehe 1 Oktoba inapita. Mkabidhi mtu wa pili mamlaka miezi kabla ya hapo.

La tatu ni tarehe zenyewe. Takwimu za Januari hadi Juni mwisho wake ni tarehe 1 Oktoba ya mwaka huohuo, na za Julai hadi Desemba ni tarehe 1 Aprili ya mwaka unaofuata. Mdogo huripoti mwaka mzima mara moja, mwisho tarehe 1 Aprili. Mkubwa pia anatakiwa kuomba usajili wa mwaka ujao ifikapo tarehe 1 Oktoba, kwa hiyo Septemba yake ina kazi mbili. Usajili wa kuchelewa una ada ya ziada, ambayo mwaka 2025 ilikuwa pauni 332.

Mahali tovuti inapotuangusha ni kwenye kueleza. Misimbo iko ukurasa mmoja, maelezo ya nani anawajibika ukurasa mwingine, ufafanuzi wa kaya ukurasa wa tatu. Mtu mgeni hufika kwenye kisanduku cha kupakia faili akiwa hajui kama achari iliyouzwa kwa hoteli ni HH au NH, na hakuna kitu pale cha kumsimamisha. Swali hilo ndilo ghali kuliko yote.

Kaya au si kaya

Ada ya kushughulikia taka inatozwa kwa vifungashio vya kaya, vile vinavyotarajiwa kuishia kwenye mapipa ya nyumbani. Huitoza PackUK, taasisi inayosimamia mpango huu kwa nchi zote nne za Uingereza, na ankara za kwanza zilitoka Oktoba 2025. Viwango vya msingi vya mwaka wa kwanza, kwa tani: kioo pauni 192, karatasi na kadibodi 196, chuma 259, alumini 266, mbao 280, plastiki 423, karatasi iliyogandamizwa na plastiki 461, na vinginevyo 259.

Katoni za pili na palleti huhesabiwa kuwa si za kaya. Lakini kifungashio cha kwanza, na kile cha kumtumia mnunuzi, huhesabiwa kuwa cha kaya mpaka wewe uthibitishe vinginevyo. Ushahidi ni wako kuutafuta na kuutunza. Usipokuwa nao, unalipa.

Mwingizaji wetu akiripoti kila kichupa kama cha kaya, analipa pauni 9,676.80 kwa kioo na pauni 559.44 kwa vifuniko. Jumla 10,236.24. Sasa tuseme nusu ya vichupa aliviuza moja kwa moja kwa migahawa na jikoni za hospitali, ambazo ndizo zilizotumia achari hiyo, na anao ushahidi. Ada inashuka hadi pauni 5,118.12. Achari ni ileile, na kichupa ni kilekile. Kilichobadilika ni karatasi zilizo kwenye faili lake.

Ushahidi unaosimama ni ule unaoonyesha kuwa mnunuzi ni biashara au taasisi ya umma na kwamba ndiye mtumiaji wa mwisho. Ankara zenye jina la mgahawa, mkataba wa ugavi, barua ya mteja inayothibitisha kuwa bidhaa inatumika jikoni na haiuzwi tena. Kinachovunja kila kitu ni muuzaji wa jumla. Ukimuuzia yeye, hata kama unajua kwa hakika kuwa wateja wake wote ni migahawa, yeye si mtumiaji wa mwisho, na kichupa kinarudi kuwa cha kaya. Hapo njia iliyobaki ni kuonyesha kuwa bidhaa yenyewe imetengenezwa kwa matumizi ya biashara au taasisi peke yake, na kwamba kifungashio chake hakielekei kuishia kwenye pipa la nyumbani. Kichupa chenye gramu 400 za achari hakiwezi kudai hivyo.

Kwa hiyo panga mauzo yako kwenye mfumo wa hesabu tangu Januari: kila mteja awe na alama moja kati ya tatu, mtumiaji wa mwisho wa kibiashara, muuzaji tena, au mtu binafsi. Ukingoja Septemba kuanza kuchambua ankara za miezi sita, utakadiria, na makadirio bila karatasi ni sawa na kukosa ushahidi. Tunalisisitiza hili kwa sababu tunaona ndiyo sehemu pekee ya kanuni hizi ambapo saa moja ya utaratibu kwa wiki inaweza kulipa mshahara wa aliyeifanya.

Vinywaji vilivyo kwenye chupa za plastiki ya PET na makopo ya chuma au alumini, kuanzia mililita 150 hadi lita 3, vina msimbo wake na vinahitaji idadi ya vipande pamoja na uzito. Usivichanganye na HH ya kawaida.

Rangi tatu

Mzalishaji mkubwa mwenye vifungashio vya kaya anatakiwa pia kutathmini kila kifungashio kama kinarejelezeka, na kukipa nyekundu, manjano au kijani. Tathmini inapita hatua tano: kutambua aina, kukusanywa, kuchambuliwa, kuchakatwa, na kupatikana kwa matumizi ya malighafi iliyorejelezwa. Kuanzia ada za 2026, nyekundu huzidishwa kwa 1.2, mwaka 2027 kwa 1.6, na 2028 kwa 2. Usichokitathmini kinahesabiwa nyekundu.

Mfano unaoeleweka haraka ni trei nyeusi ya plastiki iliyotiwa rangi ya kaboni. Mashine za kuchambua taka hutambua plastiki kwa mwanga wa infraredi unaorudi. Kaboni inaumeza mwanga huo, mashine haioni kitu, na trei inakwenda na taka za kutupwa hata kama plastiki yake ni nzuri. Trei hiyo ni nyekundu. Trei ileile isiyotiwa rangi inaepuka kasoro hiyo. Ongea na mtengenezaji wako sasa, maana kubadilisha kalibu na kumaliza akiba ya zamani huchukua miezi.

Wakala

Sasa hesabu tuliyoahidi. Mwaka 2025, ada ya usajili kwa mdogo anayejisajili mwenyewe ilikuwa pauni 1,216. Akipitia kwa wakala, ada ya mdhibiti ilikuwa pauni 631. Tofauti ni pauni 585. Kwa hiyo wakala anayemtoza mdogo chini ya pauni 585 kwa mwaka anampunguzia gharama, na juu ya hapo mdogo analipia utulivu wa moyo. Kwa mkubwa, 2,620 dhidi ya 1,685, tofauti pauni 935.

Lakini kwa mkubwa thamani ya wakala haiko kwenye usajili. Iko kwenye hati za urejelezaji. Hati moja inathibitisha kuwa tani moja ya malighafi fulani imerejelezwa, na mkubwa hutakiwa kupata hati kwa asilimia fulani ya vifungashio vyake vyote, vya kaya na visivyo vya kaya. Kwa 2025 kioo kilikuwa asilimia 74, chuma 80, plastiki 55. Mwingizaji wetu, kwa tani 50.4 za kioo, anahitaji hati 37 hivi. Bei ya hati hupanda na kushuka sokoni kutegemea kiasi kilichorejelezwa na haraka ya wanunuzi, na mtu mmoja anayenunua hati 37 peke yake mwezi Desemba hana sauti. Wakala ananunua kwa wanachama wengi, mwaka mzima. Mdogo hanunui hati kabisa, kwa hiyo akielezwa faida hii na mtu wa mauzo, ajue haimhusu.

Kabla ya kutia sahihi, uliza mambo haya na upate majibu kwa maandishi. Je, bei ya hati ni ile waliyonunulia au wanaongeza chao? Je, wakinunua pungufu, nani anabeba tofauti? Je, tathmini ya rangi tatu imo kwenye ada au ni kazi ya ziada kwa kila bidhaa? Je, wanakagua uzito wako, au wanapakia chochote utakachowatumia? Swali la mwisho ndilo la kupimia ubora. Wakala mzuri atakuuliza kwa nini kifuniko chako kina gramu 4 wakati cha mwaka jana kilikuwa na gramu 9. Asiyeuliza anafanya kazi ambayo mhasibu wako angeweza kuifanya.

Wakala hakuondolei ada ya PackUK. Ankara hiyo inakuja kwako moja kwa moja, uwe na wakala au usiwe naye. Wala hageuzi takwimu mbovu kuwa nzuri. Na kodi ya vifungashio vya plastiki ni jambo lingine kabisa: hiyo ni ya HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, ilianza tarehe 1 Aprili 2022, inamhusu anayetengeneza au kuingiza tani 10 au zaidi za vifungashio vya plastiki kwa miezi 12, na hutozwa kwa plastiki yenye chini ya asilimia 30 ya malighafi iliyorejelezwa. Kuanzia Aprili 2025 kiwango chake kilikuwa pauni 223.69 kwa tani. Kujisajili huku hakukusajili kule.

Ukiamua kuhama wakala, hama mwishoni mwa mwaka, wala usiondoke mikono mitupu. Omba faili zote za CSV zilizowasilishwa kwa jina lako, majedwali ya uzito waliyotumia, na uthibitisho wa hati zilizonunuliwa. Kumbukumbu zinatakiwa zitunzwe kwa muda usiopungua miaka 7, na mkaguzi akija mwaka wa tano kuuliza gramu 210 zilitoka wapi, atakuja kwenye ghala lako.